Familia Mbili za Kiwanda cha Pawtucket

Katika vitabu vya historia vya Marekani, Samuel Slater huitwa baba wa viwanda vya nchi hiyo. Rais Andrew Jackson alipozuru Pawtucket mwaka 1833 alimwendea nyumbani kwake, mzee akiwa mgonjwa wakati huo, akampa sifa za namna hiyo hiyo. Lakini katika mji wa Belper, jimbo la Derbyshire, Uingereza, alikozaliwa, watu walimbandika jina jingine kabisa. Huko aliitwa Slater msaliti. Ng'ambo moja ya bahari ni baba, ng'ambo ya pili ni msaliti.

Ugomvi huo hatutaki kuuamua sisi. Twataka kutazama jambo ambalo majina yote mawili yamelifunika. Kiwanda cha kwanza cha Marekani kilichofaulu kusokota uzi wa pamba kwa nguvu ya maji kilikuwa mali ya ukoo na kazi ya familia. Ukoo uliokimiliki twaujua kwa majina, kwani umeacha miji, majumba na mfuko wa fedha. Familia zilizokitumikia zimebaki katika madaftari ya mishahara tu: baba, mama, mtoto wa miaka kumi, mtoto wa miaka minane, kila mmoja na senti zake. Mfanya kazi wa leo anayesimuliwa habari za waanzilishi wa viwanda yampasa alisome daftari kurasa zote mbili.

Slater alizaliwa tarehe 9 Juni, 1768, mwana wa mkulima aliyekuwa na shamba lake mwenyewe na hali isiyo mbaya. Karibu na kwao, mahali paitwapo Cromford, Richard Arkwright aliweka mwaka 1771 kiwanda cha kusokota pamba kwa gurudumu la maji. Inafaa tueleze kidogo mtambo huo ulifanya nini, maana bila ya kujua hilo mengine yote hayataeleweka. Kabla yake, mwanamke mmoja aliketi nyumbani kwake akasokota uzi mmoja, kwa saa alizozipanga yeye. Mtambo wa Arkwright uliipitisha pamba kati ya jozi za magogo madogo yanayozunguka, kila jozi ikienda mbio kuliko ile iliyo nyuma yake, hata pamba ikanyooka na kuwa nyembamba. Kisha ukaitia msokoto na kuikunja katika kijiti. Nyuzi nyingi zilisokotwa kwa wakati mmoja, wala hapakuhitajiwa ustadi wa mkono. Kilichohitajiwa ni vidole vyepesi vya kuunga uzi unapokatika na kuokota pamba iliyoanguka chini ya mashine. Na vidole vyepesi vya bei rahisi kuliko vyote ni vidole vya mtoto.

Mshirika wa Arkwright aliitwa Jedediah Strutt. Mwaka 1783 alimchukua Slater awe mwanagenzi wake katika kiwanda cha Milford, na kijana akakaa huko miaka kama sita akijifunza mashine, hesabu na usimamizi wa watu. Hakuwa mtoto wa kuunga nyuzi. Alikuwa anafundishwa kuwa mkubwa. Tutakumbuka tofauti hiyo tutakapofika kwa watoto wengine.

Siku hizo Bunge la Uingereza lilikuwa limepiga marufuku kusafirisha mashine za nguo na michoro yake, tena lilikataza mafundi wake wasihamie ng'ambo. Septemba 1789, Slater akiwa na umri wa miaka 21, alipanda meli kwa siri, akijitambulisha kama mkulima wa kawaida. Hakuchukua mchoro hata mmoja. Kila gurudumu na kila kipimo alikuwa nacho kichwani.

Wapo wanaouita mwendo huo wizi. Sisi twakumbuka kwamba Waingereza wenyewe hawakuanza na pamba. Nguo za pamba zilizofumwa na kupigwa rangi na mafundi wa Bara Hindi ndizo zilizowafundisha kuipenda nguo hiyo, na wenye viwanda vya sufi na hariri wa Uingereza waliposhindwa kushindana nazo, Bunge lao likaweka sheria mwaka 1700 na tena mwaka 1721 za kuzizuia. Kwanza mlango ulifungwa ili ya wenzao yasiingie. Walipokwisha jifunza, ukafungwa tena ili ya kwao yasitoke. Mwenye kufunga mlango namna hiyo mara mbili hana haki kubwa ya kulalamika kijana mmoja apitapo dirishani.

Huko Marekani, katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island, ulikuwako ukoo wa wafanya biashara ulioitwa Brown. Mmoja wao, Moses Brown, alikuwa amekwisha nunua mashine kadha za kuigiza zile za Uingereza, nazo zikamshinda. Slater alipofika New York alisikia habari zake, akamwandikia barua mwezi wa Desemba. Mapema mwaka 1790 alifika Pawtucket, maili chache tu kutoka Providence, penye maporomoko ya mto Blackstone. Akazitazama mashine za mzee Brown, akazikataa. Mwezi wa Aprili wakatiliana mkataba yeye na William Almy, mkwe wa Moses, pamoja na jamaa mwingine wa ukoo huo. Wao watatoa fedha, yeye atatoa ujuzi, na nusu ya faida itakuwa yake.

Lakini ujuzi ulio kichwani haujengi mashine. Hapa ndipo yafaa ukoo wa tatu utajwe, ukoo ambao wasimuliaji wengi huupita haraka. Fundi wa chuma Oziel Wilkinson alimpa Slater mahali pa kulala, na karakana yake ikamfulia vyuma. Mwanawe David alikuwa fundi hodari, aliyepata baadaye, mwaka 1798, hati ya uvumbuzi wa mashine ya kukatia skrubu. Seremala Sylvanus Brown, ambaye hakuwa wa ukoo ule wa matajiri, alimchongea mbao. Na binti wa nyumba ile, Hannah Wilkinson, aliolewa na Slater mwaka 1791. Hannah alishughulikia uzi wa pamba wa kushonea, badala ya ule wa kitani uliozoeleka, na historia humtaja miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa Marekani kupewa hati ya uvumbuzi, mwaka 1793. Alifariki mwaka 1812. Twaona ajabu kwamba nchi iliyo tayari kumwita mume baba wa viwanda haikufikiri kamwe kumtafutia mama.

Tarehe 20 Desemba, 1790, mashine zilianza kazi katika nyumba iliyokuwa ya kusafishia nguo, zikizungushwa na gurudumu la mtoni. Zilikuwako mashine tatu za kuchambulia pamba, na mbili za kusokotea, zenye vijiti 72 kwa jumla. Wafanya kazi wa kwanza walikuwa tisa, wavulana saba na wasichana wawili. Mdogo wao alikuwa na miaka saba na mkubwa wao alikuwa na miaka kumi na miwili.

Kabla hatujawafuata watoto hao ndani ya kiwanda, inatubidi tuulize fedha zilizonunua vyuma na pamba zilitoka wapi. Ukoo wa Brown ulitajirika kwa meli. Mwaka 1764 ndugu wanne, Nicholas, Joseph, John na Moses, walituma meli yao iitwayo Sally, chini ya nahodha Esek Hopkins, iende Afrika ya Magharibi kununua watu. Walinunuliwa Waafrika 196. Waliokufa hawakupungua 109, wengine kwa maradhi na njaa, wengine waliuawa walipoinuka kupigania uhuru wao baharini. Hesabu za safari hiyo ziliandikwa kwa mkono safi kama hesabu za mapipa.

Moses Brown aligeuka. Mwaka 1773 aliwaacha huru watumwa wake, akaingia katika dini ya Makweka, akawa mpinzani mkubwa wa biashara hiyo, na mwaka 1789 alisaidia kuunda chama cha kuipiga vita katika Providence. Ndugu yake John hakugeuka, hata akashtakiwa mahakamani katika miaka ya 1790 kwa kuivunja sheria iliyokataza meli za Marekani kuwapeleka watumwa nchi za nje. Twamheshimu Moses kwa kutubu wakati ambapo kutubu kulikuwa na hasara. Hata hivyo kiwanda alichokianzisha hakikuweza kutubu pamoja naye, kwa kuwa kilikula pamba, na pamba ililimwa na watumwa. Mwanzoni ilitoka mashamba ya Surinam na visiwa vya Karibi. Baada ya Eli Whitney kutengeneza mwaka 1793 mashine ya kutenga pamba na mbegu zake, ilitoka katika majimbo ya Kusini ya Marekani yenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 1790, mwaka ule ule wa kiwanda, ilionyesha watumwa 697,681 katika nchi hiyo. Hesabu ya mwaka 1860 ilionyesha 3,953,760. Viwanda vya Rhode Island viliununua mzigo wa mashamba hayo, kisha vikafuma nguo nzito ya bei ya chini na kuirudisha huko Kusini ili wavikwe watumwa. Mtu alilima pamba bila ujira, kisha akarudishiwa kipande chake kikiwa kimemtajirisha mwingine njiani mara mbili.

Turudi Pawtucket. Mwaka 1793 ulijengwa mjengo mpya wa mbao, wenye mnara mdogo wa kengele, ambao umesimama mpaka leo. Kazi ilianza jua lilipochomoza na kwisha giza lilipoingia, siku sita kwa juma. Miaka ya mwanzo washirika walikuwa wazito kutoa fedha, na barua za Slater kwa Almy na Brown zamwonyesha akinung'unika kwamba hana cha kuwalipa watu wake, na kwamba wazazi wanamjia. Yafaa tumpe haki yake hapo. Alikuwa karibu na watoto kuliko mabwana waliokaa Providence, na alilazimika kuwatazama usoni. Alifungua pia shule ya Jumapili, ambapo watoto wa kiwanda walifundishwa kusoma na kuandika. Wako wanaoitaja shule hiyo kila mara wanapotaka kumtetea. Nasi twaitaja. Ila twauliza mtoto aliyefanya kazi siku sita tangu macheo hadi machweo alikuwa na macho ya namna gani siku ya saba.

Mwaka 1801 kiwanda kilizuriwa na bwana mmoja mwenye cheo, Josiah Quincy, ambaye baadaye alikuwa meya wa Boston na mkuu wa Chuo Kikuu cha Harvard. Aliwakuta watoto zaidi ya mia moja, umri wao miaka minne hadi kumi, wakilipwa kati ya senti 12 na 25 kwa siku. Aliyemtembeza alimsifia faida ya kuwapatia maskini kazi. Quincy, ambaye hakuwa mtetezi wa vibarua hata kidogo, aliandika kwamba kilichomgusa ni nyuso zao, jinsi zilivyokuwa hazina raha. Ushahidi wa mtu kama huyo twauona una uzito, kwani hakwenda kuutafuta.

Slater alipoona kwamba watoto wa jirani hawatoshi, na wanagenzi hawakai, aliukamilisha utaratibu uliojulikana baadaye kwa jina la jimbo lake, utaratibu wa Rhode Island. Aliajiri familia nzima. Magazeti yalijaa matangazo ya viwanda vikitafuta familia zenye watoto wengi. Kadiri watoto walivyozidi, ndivyo baba alivyopokewa vizuri. Baba mwenyewe mara nyingi hakuingia kwenye mashine. Alipewa ulinzi, au ujenzi, au kuendesha mikokoteni, au kulima shamba la kiwanda. Yeye ndiye aliyetia sahihi mkataba kwa niaba ya wanawe, na yeye ndiye aliyepokea ujira wao.

Mkataba mmoja wa mwaka 1815, wa kiwanda kingine cha namna hiyo katika Lancaster, jimbo la Massachusetts, umehifadhiwa. Baba dola 5 kwa juma. Mwanawe wa miaka 10, senti 83. Binti wa miaka 12, dola 1 na senti 25. Mwana wa miaka 13, dola 1 na senti 50. Mwana wa miaka 16, dola 2. Dada yake baba, dola 2 na senti 33. Binti yake huyo dada, mwenye miaka 8, senti 75. Na mwanawe wa miaka 13, dola 1 na senti 50. Watu wanane kwa dola 15 na senti 16. Msomaji aweza kujifanyia hesabu mwenyewe. Baba, aliye mtu mzima, alipata theluthi moja tu ya fedha ile. Theluthi mbili zililetwa na wanawake na watoto, na aliyekataa kuwaingiza watoto wake kiwandani hakukosa ujira wao tu, alikosa na nyumba, maana nyumba ilikuwa ya kiwanda. Duka nalo lilikuwa la kiwanda, na kilichokopwa dukani kilikatwa katika mshahara, hata ikawa siku ya hesabu zipo familia ambazo hazikushika fedha mkononi.

Utaratibu huu wasifiwa kwamba ulihifadhi familia, usiitawanye kama viwanda vingine vilivyowachukua wasichana peke yao. Ni kweli kwamba watu walikaa pamoja. Lakini mamlaka ya baba nyumbani yalikodishwa kwa mwenye kiwanda. Mtoto aliyechelewa kengele alikuwa amewakosea wawili kwa pamoja, mnyapara na babaye, na baba aliyetaka kumtetea mtoto aliyachezea makao ya wote.

Familia ya Slater ilizidi kupanuka katika miaka hiyo hiyo. Mwaka 1799, pamoja na mkwewe Oziel, Slater alianzisha kampuni yake upande wa pili wa mto, akiwa bado mshirika wa Almy na Brown. Mwaka 1803 nduguye John aliwasili kutoka Uingereza akiwa na habari mpya za mashine. Mnamo mwaka 1806 wakaanza kujenga kaskazini mwa jimbo kijiji kizima kwa ajili ya kiwanda: nyumba za wafanya kazi, duka, kanisa, na kijiji kikaitwa Slatersville. Baadaye Slater akajenga tena kusini mwa Massachusetts, na mji uliozaliwa huko mwaka 1832 ukaitwa Webster. Wanawe nao walitiwa kazini wangali vijana. Ila wao walijifunza duka, vitabu na uongozi, kama alivyojifunza baba yao kwa Strutt, na mwaka 1829 jina la kampuni likawa Samuel Slater na Wanawe. Hivyo mlango mmoja wa kiwanda uliingiwa kila asubuhi na watoto wa namna mbili. Wa kwanza waliingia kurithi. Slater alipofariki tarehe 21 Aprili, 1835, alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa sehemu zile.

Watu wa pwani yetu watauliza habari hizi zatuhusu wapi. Mfano wa Slater uliwafungulia wengine njia. Matajiri wa Boston walijenga Waltham mwaka 1813 kiwanda chenye kusokota na kufuma kwa mashine chini ya paa moja, kisha wakajenga mji wa Lowell, na nguo za viwanda hivyo vya Massachusetts zikapakiwa katika meli za Salem kuja Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana mkataba na Marekani, na tangu mwaka 1837 nchi hiyo ikawa na balozi wake mdogo Unguja. Nguo ile nyeupe isiyopaushwa, iliyokuja kununua pembe, sandarusi na karafuu, wazee wetu waliiita merikani, na jina halijafutika mpaka leo. Ilipita bandarini ikafuata njia za misafara hadi Tabora na Ujiji, ikawa ndiyo fedha ya safari. Wafumaji wa Ufipa na Unyamwezi, waliokaa kwenye vitanda vyao wakapanga mtande na mshindio kwa mkono, walijikuta wakishindana na maporomoko ya mto ambao hawakuwahi kuusikia. Ilipozuka vita ya Marekani ya mwaka 1861 hadi 1865 pamba ikaadimika, na nguo za Bombay zikashika nafasi ile. Basi kila aliyepata kuvaa merikani alivaa uzi ulioungwa na vidole vya wafanya kazi wa ng'ambo.

Nao wafanya kazi hao hawakunyamaza siku zote. Jambo hili twalipenda kuliko yote katika historia ya Pawtucket, na twashangaa linavyosimuliwa kwa ufupi. Mashine za kufumia zilipoingia baada ya mwaka 1817, waliozisimamia walikuwa wanawake, wengi wao vijana, wakilipwa kwa kipande. Mwezi wa Mei 1824 wenye viwanda vya Pawtucket walikutana wakaamua mambo mawili. La kwanza, saa za kazi ziongezwe kwa saa moja, kwa kuikata nafasi ya chakula. La pili, ujira wa wafumaji upunguzwe kwa robo. Hoja yao ilikuwa kwamba wanawake wale walipata fedha nyingi mno kwa wasichana.

Wanawake wakakutana peke yao, wakakataa. Zaidi ya mia moja waliacha mashine zao, na wanaume na watoto wa viwanda wakawafuata. Kwa muda wa juma moja hivi viwanda vililala. Umati wa watu ulipita mitaani ukisimama mbele ya nyumba za wenye viwanda na kuwazomea. Kiwanda kimoja kilitiwa moto. Mwishowe wenye viwanda walikubali mapatano. Huo ndio unaohesabiwa kuwa mgomo wa kwanza wa wafanya kazi wa viwandani katika historia ya Marekani, nao uliongozwa na wanawake, katika mji ule ule ambao mashine zilianza kuzunguka kwa mikono ya watoto tisa. Mtu angaliweza kutazamia kwamba watu waliozoezwa tangu utotoni kutii kengele wasingejua kukataa. Huenda ni kinyume chake. Kuwekwa pamoja chumbani mwaka baada ya mwaka kuliwafundisha kwamba wao ni wengi.

Liko na jambo jingine dogo, ambalo kwetu lina maana kubwa. Watu wa Pawtucket walikuwa na mashaka na kengele za viwanda, kwa kuwa aliyeshika kamba ya kengele ndiye aliyekuwa bwana wa saa, na hakuna kibarua aliyekuwa na saa mfukoni ya kumsahihisha. Mwaka 1828 wakachangishana fedha wakanunua saa ya mji, ikawekwa katika kanisa, mahali ambapo kila mtu aliweza kuiona.

Tukiuacha ukoo wa Slater hapa tutakuwa tumeudhulumu. John Fox Slater, mwana wa yule John wa Slatersville, alizaliwa mwaka 1815 akatajirika kwa viwanda vyake katika Connecticut. Mwaka 1882 alitoa dola milioni moja ziwe mfuko wa elimu ya watu weusi wa Kusini waliotoka utumwani pamoja na watoto wao. Kwa siku zile zilikuwa fedha nyingi sana. Wadhamini wa mfuko, wakiongozwa na Rutherford Hayes aliyekuwa Rais wa zamani, walipendelea zaidi shule za kazi za mikono, kama Hampton na Tuskegee, na wengi waliona hivyo ni kumwekea Mweusi dari juu ya kichwa. Kijana mmoja hakukubali dari hiyo. Hayes aliripotiwa kusema kwamba hawakumpata Mweusi wa kufaa kupelekwa masomoni Ulaya, W. E. B. Du Bois akamwandikia barua baada ya barua, mpaka mfuko ukamlipia masomo ya Berlin mwaka 1892 hadi 1894. Ndiye Du Bois aliyekuja kuwa mwalimu wa umoja wa Afrika, aliyeketi mwaka 1945 katika Mkutano wa Umoja wa Waafrika pamoja na Nkrumah na Kenyatta, na aliyefariki Accra mwaka 1963. Mkutano ule ulifanyika Manchester, mji uliojengwa na pamba.

Je, dola milioni moja zilikuwa zawadi au malipo ya deni? John Fox Slater aliziita msaada. Sisi twakumbuka watumwa 3,953,760 wa mwaka 1860 na pamba waliyoilima, na neno msaada latupa tabu kulitamka. Hata hivyo matajiri wenzake wa viwanda vya pamba waliokuwa na deni hilo hilo walikuwa wengi, na wengi wao hawakutoa kitu.

Viwanda vya familia hiyo viliendelea Massachusetts chini ya Horatio Nelson Slater, mwana wa Samuel, na baada yake warithi wake. Katika miaka ya 1920 kampuni ilijenga kiwanda kipya mbali sana na Webster, katika jimbo la South Carolina, ambako pamba ilikuwa karibu, ujira ulikuwa mdogo na vyama vya wafanya kazi vilikuwa dhaifu. Pembeni yake wakajenga kijiji cha wafanya kazi, nyumba za kampuni na duka, nacho kikapewa jina la Slater, kama babu zao walivyofanya miaka mia moja na zaidi kabla yao.

Mjengo wa mwaka 1793 uliacha kusokota pamba mwaka 1895. Ulifunguliwa kuwa jumba la makumbusho mwaka 1955, na sehemu ile ya bonde la mto Blackstone ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2014. Wageni huonyeshwa mitambo ya kusokotea, na maji ya mto bado yapita chini ya maporomoko.